Dalili ya Mvua ni Mawingu: Askari na Azijue Tabia za Mbwa Wake

Askari akionekana ameketi mbele ya nyumba yake akimtazama mbwa, wenzake husema hana kazi. Mimi nasema anayo kazi, tena ya ulinzi. Anayevijua vituko vya mbwa wake vya kila siku ndiye atakayetambua mapema siku vitakapobadilika, na utambuzi huo huweza kuokoa maisha ya mtoto.

Hebu tumwangalie mbwa wa boma la kawaida huko Omugo, katika Wilaya ya Terego, ambayo hadi mwaka 2020 ilikuwa sehemu ya Arua. Mbwa huyu hana cheti cha ukoo wala ukanda wa ngozi shingoni. Usiku hulala juu ya majivu ya jikoni yenye vuguvugu, na alfajiri huamka na rangi ya kijivu kama askari aliyejipaka matope ili adui asimwone. Kabla ya kulala huzunguka mara mbili tatu pale pale, mithili ya ofisa anayekagua lindo, kisha hujitupa chini na kushusha pumzi ndefu, kana kwamba ndiye aliyelima shamba zima la muhogo. Hana saa, lakini ugali wa muhogo na mtama, ambao Walugbara huuita enyasa, ukiepuliwa tu, yeye amekwisha kufika. Huketi wima, masikio juu, macho yakifuata kila tonge kutoka sahanini hadi kinywani. Ukimtazama, hugeuza uso kama mtu mwenye haya. Ukigeuka, amesogea hatua moja.

Bodaboda ikipita, huikimbiza hadi mwisho wa boma, kisha hurudi kwa maringo akiamini kwamba yeye ndiye aliyeifukuza. Lori la jeshi likipita, hujifanya hakuliona. Buti zikianikwa juani, hachukui zote mbili. Huchukua moja tu, tena asubuhi ya gwaride. Naye bwana wake akirejea likizo baada ya miezi mingi, humbwekea kama mwizi mpaka upepo umletee harufu anayoijua. Hapo mkia huanza kupiga huku na huku, mwili mzima ukiufuata, na kelele zote za mwanzo husahauliwa.

Wataalamu nao hawakuona aibu kuyachunguza mambo haya. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walieleza kwamba mbwa akimwona bwana wake, mkia huelekea zaidi upande wa kulia. Mwaka 2013 wenzao wa Ucheki na Ujerumani walitangaza kwamba mbwa wanapojisaidia hupenda kusimama wakielekea kaskazini na kusini, nguvu ya sumaku ya dunia inapokuwa imetulia. Ikiwa ndivyo, basi mbwa wa Omugo alikuwa na dira yake kabla ya kadeti yeyote kufundishwa kusoma ramani.

Wapo wanaomdharau mnyama huyu na kumwita "mbwa shenzi". Na wakumbuke ya jirani zetu wa Kongo. Mbwa wa huko, ambao leo ulimwengu unawaita Basenji, walionyeshwa London mwaka 1937 katika maonyesho makubwa ya Crufts, na watu wakajaa kuwatazama. Ni mbwa wasiobweka kama wengine, na hujilamba mwili mzima kama paka. Mwaka 1959 Mwingereza Veronica Tudor-Williams alisafiri hadi kusini mwa Sudan kuwatafuta. Mnyama tunayempiga teke tukipita, wengine walimfuata kwa safari ndefu.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini nayasema haya kwa watu wenye bunduki? Sababu ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu husambazwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zake zikishamtokea mtu, karibu kila mara mwisho ni kifo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, hasa Asia na Afrika, na kwamba karibu 4 kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mara nyingi sana mnyama aliyewauma ni mbwa.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya ugonjwa huu ni mabadiliko ya tabia. Mbwa mpole huwa mkali bila sababu, na yule mkali huanza kujipendekeza kwa kila mtu. Aliyekuwa wa kwanza kufika penye ugali hukaa mbali, gizani. Wengine hutafuna mawe, vijiti na udongo. Sauti hubadilika, taya hulegea, mate humiminika. Askari wa lindo hufundishwa kuijua hali ya kawaida ya eneo lake ili lisilo la kawaida limshtue. Na nyumbani ni vivyo hivyo. Asiyejua kama mbwa wake huiba buti hatajua maana ya siku aliyoacha kuiba.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshwe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Njia hii ya kumkinga mtu kwa chanjo baada ya kuumwa ilianza mwaka 1885, Louis Pasteur alipomwokoa mtoto Joseph Meister huko Ufaransa. Hata leo hufaa tu ikiwa mtu amewahi kabla ya dalili kuanza.

Kuhusu bunduki, yafaa tuseme wazi. Wananchi wakiingiwa na hofu humkimbilia askari amalize jambo kwa risasi. Lakini mbwa aliyeuma, ikiwa anaweza kufungiwa bila kuhatarisha mtu, afungiwe na mtaalamu wa mifugo amchunguze kwa siku 10, huku majeruhi akiendelea na matibabu. Na ikilazimu auawe, asipigwe kichwani, kwa maana ubongo ndio unaopimwa kuthibitisha ugonjwa. Wala kuwaua mbwa wote wa kijiji hakumalizi kichaa. Kinachokimaliza ni chanjo, ikiwafikia angalau mbwa 70 katika kila 100. Ofisa anayepanga operesheni ya kuua mbwa angefanya vyema zaidi kuwasaidia madaktari wa mifugo kuwakusanya wachanjwe. Polisi wenye kikosi cha mbwa wanalijua hili, kwani mbwa wa kazi hawezi kuachwa bila chanjo. Basi na yule wa nyumbani, anayelala karibu na watoto, apewe haki hiyo hiyo.

Omugo si mgeni katika vita vya namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo chake cha afya kilikuwa mahali pa majaribio ya dawa za malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeutokomeza ugonjwa huo, wa aina ya gambiense, usiwe tena tatizo kwa afya ya umma. Mahali palipohimili mng'ato wa mbung'o hapawezi kushindwa na meno ya mbwa.

Kwa hiyo, ndugu askari, jioni hii ukirudi nyumbani mtazame mbwa wako bila kuona haya. Hesabu mara anazozunguka kabla ya kulala, na ujue ni buti ipi aipendayo. Kisha uulize ni lini alichanjwa mara ya mwisho. Ukikosa jibu, kesho mpeleke kwa daktari wa mifugo.