Hoteli ya St Pancras: sheria iliikinga, lakini haikuipatia kazi

Mkongomani anayetoka Brussels kwenda kuona jamaa London anapita chini ya nyumba hii. Tangu mwezi wa 11 mwaka 2007, treni ya Eurostar inafika katika stesheni ya St Pancras, na mbele ya stesheni, upande wa barabara ya Euston, linasimama jengo refu la matofali mekundu lenye minara, saa kubwa na madirisha yenye ncha. Mgeni anaweza kulidhani kanisa ao jumba la mfalme. Ni hoteli.

Ilijengwa wakati wa malkia Victoria na kampuni ya reli ya Midland, iliyotaka washindani wake wajue kwamba nayo imefika London. Mwaka 1865 kampuni iliwashindanisha wasanifu wa majengo. George Gilbert Scott alishinda, ingawa ramani yake ilikuwa kubwa na ya gharama kuliko iliyoombwa. Milango ilifunguliwa tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 1873. Ndani mlikuwa na vyumba karibu 300, lifti za kuendeshwa kwa nguvu ya maji, na ngazi pana inayogawanyika pande mbili. Vyumba vya bei kali vilikuwa ghorofa za chini. Kadiri mgeni alivyopanda, ndivyo mapambo na bei vilivyopungua. Waingereza wa siku zile walipanga hata usingizi kwa cheo.

Scott aliweka sakafu nene za kuzuia moto usipande. Ilikuwa busara, maana vyumba vilipashwa joto kwa makaa ya mawe. Lakini karibu vyumba vyote havikuwa na bafu. Watumishi ndio waliopandisha maji ya moto na makaa, kisha wakashusha maji machafu na vyungu vya usiku. Mwaka 1873 hiyo ilikuwa anasa. Mwaka 1889 ikafunguliwa hoteli ya Savoy, mji ule ule, yenye bafu nyingi na taa za umeme, na wageni wakabadili matakwa. Hapa St Pancras, kutoboa sakafu zile ili kupitisha mabomba ilikuwa kazi ngumu na ya pesa nyingi. Ubora wa jengo ukageuka ugonjwa wake. Mwaka 1935 hoteli ilifungwa, ikafanywa ofisi za reli.

Katika miaka ya 1960 ilibaki kidogo ibomolewe. Tao la stesheni jirani ya Euston lilikuwa limekwisha kuvunjwa, na shirika la reli la serikali halikuona faida ya minara ya Scott. Mshairi John Betjeman na wenzake wa chama cha Victorian Society walipinga, na mwezi wa 11 mwaka 1967 jengo likaandikwa katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa. Leo sanamu ya Betjeman imesimama ndani ya stesheni, kichwa kimeinuliwa.

Wengi wanaishia hapo wakisimulia, na hapo ndipo wanakosea. Sheria ilizuia nyundo tu. Katika miaka ya 1980 ofisi nazo zilihama, kwa kuwa jengo lile lile la sakafu za kuzuia moto halikutimiza tena kanuni za usalama wa moto. Likakaa tupu zaidi ya miaka 20, limelindwa vizuri na halina kazi.

Lililolifufua ni treni za kutoka Bara la Ulaya, pamoja na uamuzi ambao haukuwapendeza wote: ghorofa za juu zikafanywa makao ya kuuzwa kwa matajiri, na vyumba vingi vya hoteli vikajengwa katika bawa jipya, lenye bafu zake. Hoteli ilizinduliwa tena tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 2011. Anayelaumu mauzo yale aseme pia nani mwingine angelipa mafundi. Chumba cha zamani cha kuuzia tikiti kimekuwa baa, na abiria asiye na pesa ya kulala pale anaweza angalau kuketi kati ya kuta za Scott akingoja treni yake.