Kununua Kitu Usichokiona



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi, nalo ni kununua vitu kwa simu. Wako wasemao kuwa ni upuuzi wa vijana, na wako wasemao kuwa ndiyo maendeleo yenyewe. Nionavyo mimi, si hili wala si lile. Ni kuuziana kama kuuziana kwingine, na kuuziana kuna hukumu zake. Lakini kabla ya kutaja hukumu, yapasa tujue kwanza kwa nini watu hufanya hivyo, maana mtu mwenye akili hatoi fedha yake bila ya sababu.

Sababu ya kwanza ni njia ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kadiri ya kilomita 500, na hadi Mbeya ni zaidi ya 800. Bidhaa nyingi za madukani kwetu hununuliwa Kariakoo, zikapandishwa mlima wa Kitonga kwa malori na mabasi. Mwenye duka hulipa nauli, malazi, uchukuzi na kodi ya chumba, na yote hayo hayana budi kuingia katika bei. Ama yule aagizaye mwenyewe kwa simu, hulipa bei ya Kariakoo na gharama ya kifurushi, basi.

Sababu ya pili ni kwamba kitu chenyewe hakipatikani. Sisi Waislamu wa nyanda hizi si wengi kama ndugu zetu wa pwani. Mfanya biashara wa Mwanjelwa hawezi kulaumiwa kwa kutoweka msahafu wa herufi kubwa kwa wazee, au kanzu za watoto, au udi, ikiwa huenda vikakaa mwaka mzima vikimngoja mnunuzi. Madrasa yetu huagiza juzuu kutoka Dar es Salaam, zikaletwa kwa basi, nasi twaenda kuzipokea kituoni. Wala hili si jambo geni. Vitabu vingi vya fiqhi walivyosoma wazee wetu vilipigwa chapa Misri, vikaja kwa meli, na walioviagiza hawakuvishika kwanza mikononi.

Sababu ya tatu ni stara na udhuru. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi 4 na siku 10, na katika siku hizo hatembei masokoni apendavyo. Kadhalika mzazi aliye na kitoto kichanga, na mgonjwa, na asiyejiweza kwa miguu. Tena kuna nguo za ndani na haja za wanawake ambazo binti huona haya kuzitaja mbele ya kijana mwuzaji na wateja wengine wakisikiliza. Dini yetu yaisifu haya. Basi tusimcheke binti aagizaye vitu hivyo kwa siri ya simu yake.

Sababu ya nne imo katika vitu vyenyewe. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilipofungua duka lake la mtandaoni mwaka 1995, ilianza na vitabu. Kwa nini vitabu? Kwa sababu kitabu cha jina fulani na chapa fulani ni kile kile popote kiuzwapo, wala hapana duka moja liwezalo kuweka vitabu vyote vya dunia. Ndivyo ilivyo simu mpya ya aina ijulikanayo, au kipuri cha gari chenye namba yake. Ukikitaja umekijua. Ama maharage ya Mbeya na mchele wa Kyela havina namba. Mama wa Kinyalukolo au wa Soweto hutia mkono ndani ya gunia, akachota ya chini, akayatazama, akayanusa, ndipo akauliza bei. Huyo hanunui kwa picha, wala hatanunua.

Na hapo ndipo penye hatari. Twafundishwa kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, akakuta chini ni mbichi na juu ni kavu. Akamlaumu mwuzaji kwa kuficha kile ambacho watu wangepaswa kukiona. Picha ya simu ni juu ya chungu, ndugu zangu. Mkono hauwezi kuingia.

Mjane mmoja, mzazi wa wanafunzi wangu, aliona picha ya cherehani kwa bei nafuu. Alitaka kushona ili awalishe mayatima wake. Akapeleka fedha yote, na tangu saa ile namba ile haikupatikana tena. Aliyemnyang'anya hakuvunja mlango wala hakushika panga, lakini mbele ya Mwenyezi Mungu mali ya yatima ni moto, hata ikiliwa kwa simu.

Kampuni kubwa ya Jumia ilifunga biashara yake hapa Tanzania mwezi wa Novemba 2019. Hata hivyo kununua kwa simu hakukukoma. Wapo wauzaji wadogo wadogo wa WhatsApp na Instagram, ambao mnunuzi huwajua kwa sauti na kwa neno lao. Hapa amana ndiyo duka lenyewe. Ikitoweka amana, hapana kilichobaki.

Basi mnunuzi na afanye nini? Watu wa Madina walikuwa wakitanguliza fedha kwa tende za miaka ijayo. Mtume hakuwakataza, bali aliwaamuru kipimo kijulikane, na uzani ujulikane, na muda ujulikane. Kanuni hiyo yatutosha hata leo. Ikiwa ni kitu kipya cha aina ijulikanayo, na kitajwe kwa sifa zake zote: aina, kipimo, rangi, bei, na siku ya kufika. Ama kitu kilichokwisha tumika, kama simu ya mkononi ya mtu au cherehani kuukuu, kila kimoja kina hali yake. Wanavyuoni wa Kihanafi humpa mnunuzi hiari ya kukataa akionapo. Madhhabi yetu ya Shafi hukaza zaidi. Nasaha yangu ni kwamba kitu kuukuu usikinunue mpaka wewe, au mtu wako unayemwamini, akitazame.

Tena kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina litokealo katika simu, ulilinganishe na jina la mwuzaji. Hifadhi maandishi yote mliyoandikiana, maana Sura ya Baqara imetufundisha kuandika tunapokopeshana. Penye nafasi ya kulipa mzigo ufikapo, lipa ufikapo. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, yenye sehemu ya kumlinda mnunuzi. Na namba ya tapeli hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Nanyi vijana mnaouza, nina neno nanyi. Wengi wenu huchukua picha ya mali ya mtu mwingine, mkaitajia bei, mkapokea fedha, kisha ndipo mwende kuitafuta. Ikiwa imekwisha au imepanda bei, huanza visingizio. Sahaba Hakim bin Hizam aliuliza jambo kama hili, naye Mtume akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Njia ya halali ipo wala si ngumu. Nunua kwanza, kisha uza. Au sema wazi kuwa wewe ni wakala, bidhaa ni kiasi hiki na ujira wako ni kiasi hiki. Ukweli huo hautakufukuzia wateja. Utawaleta.

Mwisho, tusimsahau mwenye duka wa mtaani. Huyo ndiye atukopeshaye unga mwezi unapokuwa mrefu, na ndiye ajaye msibani kwetu. Si haramu kununua kwingine, lakini si adabu kwenda dukani kwake, ukamfunulisha vitambaa saa nzima ili uvishike na kuvipima, kisha ukatoka ukaagiza kwingine kwa kupunguziwa shilingi chache. Macho yake na muda wake navyo ni mali.

Basi kitu chenye sifa ijulikanayo, na mwuzaji mwenye amana ijulikanayo, agiza na umwombe Mungu baraka. Likikosekana mojawapo, vaa viatu uende sokoni.

Wabillahi tawfiq.