Mchezo Nao ni Kazi: Tukimkumbuka Mzee Ojwang



Kila Ijumaa Kuu vijana wa parokia yetu huigiza Mateso ya Bwana mbele ya umati unaojaa hadi uani. Mwaka mmoja kijana aliyemwigiza Yuda aliifanya kazi yake vizuri mno, hata kwa wiki nzima watoto wakawa wanamzomea mtaani na kumwita msaliti. Sote tulicheka. Baadaye, katika kikao cha halmashauri ya parokia, mama mmoja aliomba vijana wale warudishiwe angalau nauli ya daladala, maana walikuwa wamefanya mazoezi Kwaresima nzima, na baadhi yao walitoka mbali, Buhongwa na Igoma. Jibu lilitolewa upesi: "Hao wamecheza tu." Tukapita kwenye ajenda iliyofuata. Nasi tuliokuwa tukiongoza kikao hatukusema neno.

Maneno hayo mawili, "wamecheza tu", yametusumbua tangu siku ile. Labda lugha yetu yenyewe inatutega. Tunasema mchezo wa kuigiza, na kwa neno lilo hilo la kucheza tunamtaja mtoto anayepiga mpira wa makaratasi na mtu mzima aliyeutoa ujana na uzee wake jukwaani. Juma hili tungependa kumkumbuka mtu mzima mmoja wa namna hiyo, ambaye maisha yake yanatufundisha jambo sisi tunaokaa kandokando ya ziwa hili.

Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, lakini Kenya nzima ilimjua kama Mzee Ojwang Hatari. Kwa zaidi ya miaka thelathini alionekana katika televisheni ya taifa ya nchi ile, hasa katika mchezo wa Vitimbi, akiwa mume wa Mama Kayai, nafasi iliyoigizwa na Mary Khavere. Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Tulicheka kwa masikio tu, tukiwasikiliza Pwagu na Pwaguzi katika Redio Tanzania. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa tayari wanakusanyika sebuleni jioni, wengi wao katika nyumba ya jirani mwenye seti, kumtazama mzee huyo mbishi, mwenye makeke, anayenaswa katika mtego alioutega mwenyewe.

Mzee Ojwang alikuwa Mjaluo, mtu wa ziwani. Kiswahili chake kilikuwa kile tunachokisikia kila siku mwaloni na sokoni kutoka kwa ndugu zetu wa Rorya na Kisumu, chenye mvuto na uzito wake wa pekee. Lakini Benson Wanjau aliyemvaa Ojwang alikuwa Mkikuyu. Kazi aliifanya kwa ukamilifu kiasi kwamba watazamaji wengi walishangaa walipokuja kujua kwamba mzee wao wa ziwani hakuzaliwa ziwani.

Hapa ndugu wapendwa tutue kidogo. Kuigiza lafudhi ya kabila jingine ni jambo rahisi sana kuharibika. Sisi wa Mwanza tunalijua hilo. Mjini kwetu Msukuma, Mkerewe, Mjita, Mhaya, Mkurya na Mjaluo wanapanda daladala moja, na kila mmoja anaweza kumwigiza mwenzake kwa dakika moja akawachekesha abiria wote. Lakini yupo anayeiga ili kumdhalilisha mwenzake, na yupo anayeiga kwa sababu amemsikiliza kwa muda mrefu na kwa upendo. Wa kwanza huchoka haraka, maana dharau haina mambo mengi ya kusema. Wa pili anaweza kuendelea miaka thelathini. Mzee Ojwang alikuwa na vituko, lakini alikuwa mtu kamili, mwenye mke na majirani, mwenye hasira na huruma. Wajaluo wenyewe walicheka naye, wakampokea kama mzee wao.

Tukumbuke pia ni nchi gani aliyoifanyia kazi hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliingia katika machafuko yaliyoua watu zaidi ya elfu moja, na Wakikuyu na Wajaluo walikuwa miongoni mwa jamii zilizotazamana kwa uadui. Hatudai kwamba mchezo wa televisheni unaweza kuzuia mapanga, haukuzuia. Tunasema tu kwamba katika miaka ambayo wanasiasa walifundisha watu kuogopana kwa majina, alikuwapo mtu mmoja aliyebeba majina mawili katika mwili mmoja, na nchi ikampenda. Hiyo ni kazi, tena nzito.

Je, kazi hiyo ililipwaje? Katika uzee wake macho yalianza kumsumbua. Wakenya waliposikia kwamba mzee aliyewachekesha utotoni mwao anakaribia kupoteza kuona na hana uwezo wa kujitibia, walichangishana fedha. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, na baada ya hapo rambirambi zikamiminika kutoka kwa wakubwa na wadogo.

Nasi tusiwanyooshee kidole jirani. Amri Athumani wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948 na ambaye tulimjua kwa jina la Mzee Majuto, alituchekesha tangu enzi za vikundi vya jukwaani hadi zama za filamu za kwenye kanda na luninga. Alipougua, alipelekwa India kwa matibabu, na alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Ni katika ugonjwa wake ndipo taifa liliposikia wazi habari ya mikataba isiyomnufaisha, na Wizara yenye dhamana ya sanaa ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Tulimlilia kwa dhati. Lakini wengi wetu tuliomlilia tulikuwa na kazi zake nyumbani katika nakala za kunakiliwa, tulizozinunua kwa bei ya chee bila kujiuliza yeye anapata nini.

Wapo watakaosema kwamba wasanii hawajui kuweka akiba, na kwamba baadhi ya michezo yao haina maadili. Hilo la akiba mtu anaweza kuambiwa baada ya kulipwa, si kabla. Na kuhusu maadili, fundi akijenga ukuta uliopinda tunamlaumu kwa ukuta. Hatusemi kwamba kujenga si kazi.

Kanisa nalo halina budi kukiri kwamba halikuwatazama waigizaji kwa jicho jema siku zote. Mwaka 1673 Molière, mwigizaji na mtunzi mkubwa wa michezo wa Ufaransa, alipofariki bila kuikana kazi yake ya jukwaani, ilibidi mfalme aingilie kati ndipo akazikwa, tena usiku. Lakini Papa aliyefika hapa kwetu Mwanza mwezi Septemba 1990, tukampokea kwa vigelegele, alikuwa amepanda jukwaani katika ujana wake. Mwaka 1941, Poland ikiwa imekaliwa na Wajerumani, Karol Wojtyła na wenzake walianzisha kikundi cha maigizo kule Kraków. Walicheza kwa siri katika nyumba za watu, wakijua kwamba wakikamatwa wangeweza kupoteza maisha. Alipokuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1999 aliwaandikia wasanii wa dunia barua ya kuwashukuru. Yeye asingesema "wamecheza tu".

Maoni yetu basi ni haya. Mchango wa hospitali na rambirambi ni matendo mema ya huruma, wala tusiyaache. Lakini huruma haiwezi kuwa mbadala wa haki. Mtume Yakobo anatuonya vikali kwamba ujira uliozuiliwa wa mfanyakazi una sauti, na sauti hiyo humfikia Mungu. Mtu aliyelipwa haki yake akiwa na nguvu asingehitaji kutembezewa kapu akiwa kitandani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika kazi yake. Sheria hiyo itabaki karatasi iwapo sisi watazamaji tunapenda kicheko na kukwepa bei yake.

Tuanzie nyumbani. Tunapomwalika msanii kwenye harusi au kwenye mavuno ya parokia, tukubaliane naye malipo kabla, kwa maandishi, tukamlipe siku ile ile. Tusinunue nakala za wizi. Na kwa upande wa parokia, tumeamua kulirudisha lile ombi la yule mama mbele ya halmashauri: kwamba katika bajeti ya Juma Kuu pawepo fungu la nauli na chakula cha vijana wa maigizo, kama lilivyopo la maua na la vipaza sauti. Vijana wenyewe wanajitolea, wala hawajadai mshahara. Lakini anayejitolea muda wake asilazimishwe kujitolea na nauli yake.

Yule kijana wa Yuda hajaigiza tena tangu mwaka ule. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwa adabu tu, "Shikamoo Padre, siku hizi natafuta kazi."