Ngamia na Mtumbwi

Wakati wa masika tulifika Matema, wilayani Kyela katika Mkoa wa Mbeya, tukitaka kwenda kwa mtumbwi hadi Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa vyungu chini ya Milima ya Livingstone. Mvua yanyesha, na Ziwa Nyasa limefunikwa na ukungu. Kijana mmoja miongoni mwetu akahimiza: "Twendeni, tumetawakali kwa Mungu." Mzee mwenye mtumbwi akamjibu kwa upole: "Mwanangu, atawakaliye huanza kwa kukumba maji yaliyomo chomboni."

Tukangoja. Baada ya sala ya Alasiri mawimbi yalitulia. Mzee akachukua wanne tu katika sisi saba, waliobaki wakalala Matema. Tulifika tumelowa, lakini salama.

Wasomaji wetu, imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Mtume akamwamrisha amfunge, kisha atawakali. Nasi tumeona katika Ziwa Viktoria, MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018: vyombo vilivyopakia watu kupita kiasi, na mamia wakafa.

Basi enyi vijana, msione haya kukataa chombo kilichojaa, wala kuvaa jaketi la kuokolea. Hayo hayapunguzi imani. Tumfunge ngamia wetu kwanza, ndipo tuseme Bismillahi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu. Amin.