Dume nalo likatwe

Mwandishi, umeeleza vizuri, ila suala la jinsia umelipita haraka mno. Kirukia cha Ulaya kina mmea dume na mmea jike. Ukiotesha mmoja tu kwenye mtufaa wako, huenda ukangoja miaka minne au mitano uambulie majani matupu. Pandikiza mbegu nyingi, tena mbichi, mnamo Februari. Zile za mapambo ya Krismasi huwa zimeshakauka. Huna haja ya kuchanja gome: kamua tunda, bandika mbegu pamoja na ute wake kwenye tawi changa, basi. (Ute huohuo ndio waliotengenezea ulimbo wa kunasa ndege zamani.)

Kuhusu ukataji sikubaliani nawe. Kupogoa majani hakukiui, kwa kuwa mizizi yake imo ndani ya mti, inanyonya maji na madini. Huko Uingereza wengi hukata jike lenye matunda wakauze, mnadani Tenbury Wells kwa mfano, huku dume likiachwa litanuke hadi tawi lielemewe. Punguza yote mawili kila majira ya baridi. Ukitaka kukiondoa kabisa, kata tawi lenyewe, nyuma ya pale kilipoota. Na watoto wasiyale yale matunda meupe, yana sumu.