Niletee Laptopu

Hapa kwetu Igogo mtu hapati viza kimyakimya. Kabla hajakunja shati la kwanza ndani ya sanduku, tayari amekwisha kuagizwa. Shangazi anataka dawa ya magoti. Vijana, kuanzia wa kando ya ziwa hadi wale ambao nyumba zao zimepanda juu ya mawe, wanataka kitu kimoja tu: "Mjomba, niletee laptopu." Naandika kulipinga agizo hilo, na najua nitakosana na wapwa zangu.

Chanzo chake ni imani kwamba kompyuta ya Dubai, London au Chicago ni bora kuliko iliyoko dukani Mwanza mjini. Ati ya kule ndiyo "orijino". La hasha! Sehemu kubwa ya laptopu za dunia hii huundwa China, zikiwemo za majina makubwa tunayoyasujudia, na ile ya London huenda ilitoka kiwanda kimoja na hii ya mjini. Kinachotofautiana ni karatasi inayofuatana nayo, na mlango wa kurudi nayo siku itakapogoma kuwaka. Dhamana nyingi hufanya kazi katika nchi au eneo ilikouzwa mashine. Zipo zinazovuka mipaka, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumwagiza msafiri asome karatasi ya dhamana kabla hajalipa? Tunamwagiza rangi.

Wapo wanaotutisha kwa habari ya umeme, kwamba Marekani ni volti 120 na kwetu ni 230, basi itaungua. Hao wanatisha bure. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja: karibu zote zinapokea volti 100 hadi 240. Balaa liko kwenye plagi. Soketi zetu ni za pini tatu za bapa, urithi wa Mwingereza, na chaja ya Ujerumani ina pini mbili za duara. Sote tunajua kinachofuata. Kalamu inachomekwa tundu la juu, vifuniko vinafunguka, pini zinasukumwa kwa nguvu. Vifuniko vile viliwekwa ili mtoto asiguse umeme! Pini zenyewe zinacheza humo ndani, zinapata moto, zinatoa cheche, na kijana anaendelea kuandika huku godoro liko kando. Waya wa kutoka ukutani hadi kwenye chaja hubadilishwa kwa fedha kidogo tu. Hatuubadilishi, maana tunataka kila kipande kibaki cha Ulaya.

Kibodi nayo ina vituko vyake. Katika kibodi ya Kijerumani herufi Y na Z zimebadilishana mahali. Mwandishi wa Kiswahili aliyezoea kuandika bila kutazama vidole ataandika "Maombi ya kazi", na karatasini patatokea "Maombi za kayi". Ya Kifaransa huiweka Q tunapotarajia A, basi baba anageuka "bqbq". Fundi ataielekeza mashine ifuate mpangilio tuliouzoea, ni kazi ya dakika moja, ila alama zilizochapwa juu ya vitufe zitaendelea kusema uongo.

Linalonikera zaidi ni mitumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mwenye mashine ya namna hiyo huko ughaibuni anatafuta pa kuitupa, na sanduku la mgeni wa Afrika ni mahali pazuri pa kutupia. Nyingine zilikuwa za maofisi na bado zina kufuli la mwajiri wa zamani, ambalo hakuna fundi mwaminifu wa kulifungua. Sisi huku tunapokea kwa vigelegele.

Wataniambia habari ya bei. Haya, tuhesabu. Ushuru wa forodha wa kompyuta katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0. Kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na Dubai ni asilimia 5 tangu mwaka 2018. Juu ya tofauti hiyo weka nauli ya mzigo na faida ya mwenye duka. Sikatai, nafuu ya Dubai ipo. Lakini kioo kikivunjika mwezi wa nne, nafuu yote inamezwa na kioo.

Mazoea haya yana historia. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Marufuku iliondoka zamani, madukani zimejaa, nasi bado tunaagiza kama watu waliofungiwa.

Hata hivyo wenye maduka nao wasichekelee, kwa maana wao ndio wanaotufukuza. Ukinunua kwao kitu cha shilingi milioni moja na nusu, unapewa risiti yenye mhuri usemao "Mali ikishauzwa hairudishwi". Je, huyo ana tofauti gani na muuzaji wa Dubai? Wote wawili hutawaona tena, mmoja kwa sababu ya bahari na mwingine kwa sababu ya mhuri. Tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa tangu enzi za Mwingereza, inayomtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa, nao wanaandika mhuri kana kwamba sheria haijafika Mwanza.

Mwenye duka atakayeufuta mhuri huo, badala yake akaandika "mwaka mmoja", akaweka tarehe na sahihi yake, nitampelekea wapwa zangu wote watatu siku moja, na fedha taslimu mkononi.