Akigonga Mlango, Fungua

Kuna tabia inanikera: kupunguza sauti ya redio ili tusikie vizuri mke wa jirani anavyopigwa. Tunasikia kilio, tunasikia mlango ukibamizwa, tunajua kabisa kuwa mwenzetu yuko nje na kanga moja, mtoto mgongoni. Kisha tunazima taa. Asubuhi tunamuuliza mumewe habari za kuamka!

Ukihoji utaambiwa: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Jamani, methali hiyo ni ya wagombanao. Aliyepasuliwa mdomo na kutupiwa nguo zake barazani hakugombana na mtu. Mbona hatukumbuki kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka? Kaka zake wako Singida au Lindi. Wewe uko ukuta wa pili. Na mwenye binti ajue: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sisi ni watu wa dini, sina haja ya kumkumbusha mtu kwamba Mungu anachukia dhuluma. Lakini enyi wazee wangu, mnaomrudisha binti kwa maneno ya "vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo", mnasoma kitabu gani? Sura ya Talaka inamkataza mume kumtoa nyumbani hata mke aliyekwisha kumwacha, mpaka eda iishe, ila akifanya uchafu ulio wazi. Ikiwa aliyeachwa hatolewi, huyu ambaye bado ni mke, tena chakula cha jioni kapika yeye, anatolewaje? Serikali nayo haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila ziseme zisemavyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Basi akome yule anayefoka "toka kwangu". Kwake peke yake tangu lini?

Akina mama wa mitaa yetu nawavulia kofia. Mtu akifiwa, jua halijachwa masufuria yameshafika, mikeka imetandikwa, chai inachemka. Wenye moyo huo wanashindwaje kumpa mwenzao mkeka mmoja usiku mmoja?

Na hizi sare za harusi, siwezi kuzinyamazia! Kamati inakaa miezi, kadi za michango zinatufuata mpaka kazini, asiye na kitambaa cha mwaka huu anaonekana mchawi. Ndoa ikigeuka ngumi, kamati haionekani. Ndugu mwenyekiti, mchango wangu uliupokea upesi sana. Mbona simu ya bibi harusi huipokei?

Akigonga, fungua. Msitiri, mpe pa kulala na wanawe, usimhoji kosa lake. Kukicha asiende peke yake: wawili watatu mfuatane naye kwa mjumbe, kisha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3, akatibiwe. Mume akija kumdai kwa matusi, akute wanaume wa mtaa wamesimama mlangoni. Wanaume wenzangu, kazi hiyo ni yetu.